Fomu Ambayo Polisi wa Marekani Hawaijazi

Juni 2021, mwanafunzi wa miaka 17 katika mji mdogo wa Conklin, jimbo la New York, aliulizwa shuleni atafanya nini akimaliza masomo. Akajibu kwamba ataua watu kisha ajiue. Shule iliwaita polisi wa jimbo, nao wakampeleka hospitalini kupimwa akili. Alidai alikuwa anatania, akaruhusiwa baada ya kama siku moja na nusu, na shauri likaishia hapo. Miezi michache baadaye, akiwa ametimiza miaka 18, aliingia dukani akanunua bunduki ya mtindo wa AR-15 bila kuzuiwa na mtu. Mei 14, 2022 aliendesha gari zaidi ya kilomita 300 hadi Buffalo, akaingia kwenye supamaketi ya mtaa unaokaliwa zaidi na Weusi, akaua watu 10. Wote 10 walikuwa Weusi. Maandishi aliyoyaacha yalijaa nadharia kwamba kuna njama ya kuwafuta wazungu na kujaza watu wengine mahali pao.

Sheria ya kumzuia ilikuwepo. New York ilikuwa na sheria ya aina ambayo Wamarekani huiita ya bendera nyekundu tangu Agosti 2019. Inamruhusu polisi, mwendesha mashtaka, mkuu wa shule au mtu wa familia kuiomba mahakama imzuie mtu kumiliki au kununua silaha kwa muda. Mwombaji anajaza fomu, anaeleza kwa kiapo alichokiona au kukisikia, anaambatisha ushahidi kama vile picha za ujumbe wa simu. Jaji anaisoma haraka, hata mlalamikiwa asipokuwepo, na akiridhika anatoa amri ya muda. Polisi wanaipeleka kwa mhusika na kuchukua silaha alizonazo. Siku chache baadaye shauri linasikilizwa, naye ana haki ya kuja na wakili na kujitetea. Hapo ushahidi unatakiwa uwe mzito na wa wazi. Amri ikithibitishwa, inadumu hadi mwaka mmoja, na inaweza kuongezwa. Hashtakiwi kwa jinai wala hapati rekodi ya hatia.

Sehemu ambayo maofisa wengi huikosea ni hii: wanafika nyumbani, wanauliza kama kuna bunduki, wakiambiwa hakuna wanaondoka. Wanadhani amri ni ya kunyang'anya tu. Kumbe kazi yake kubwa ni kuzuia ununuzi. Jina la mhusika linapoingizwa kwenye kumbukumbu za ukaguzi, muuza duka akiuliza kama mteja huyu anaruhusiwa, jibu linakuja hapana. Kijana wa miaka 17 asiye na bunduki, anayesema anataka kuua, ndiye hasa mtu ambaye amri hii ilitungiwa.

Siku nne baada ya mauaji ya Buffalo, Gavana Kathy Hochul aliwaamuru polisi wa jimbo wafungue maombi kila wanapoona sababu za kutosha kwamba mtu ni hatari kwake mwenyewe au kwa wengine. Baadaye wajibu huo ukaingizwa kwenye sheria. Idadi ya amri ikapanda mara nyingi, ingawa fomu na mahakama hazikubadilika, na polisi walikuwa walewale. Kilichobadilika ni kwamba kazi ambayo kila ofisa aliiona ni hiari yake sasa ikawa wajibu. Kwa maoni yangu hilo linatuambia zaidi ya hotuba zote kuhusu uhaba wa sheria.

Lakini ni kosa kuishia kusema polisi ni wazembe. Kutochukua hatua dhidi ya watu wa itikadi kali huko Marekani kuna mizizi yake, na mzizi mkuu ni bunduki yenyewe. Utafiti wa Small Arms Survey ulikadiria kwamba mwishoni mwa 2017 raia wa Marekani walikuwa na bunduki zipatazo milioni 393, nyingi kuliko idadi ya watu nchini humo. Majimbo 29 yanaruhusu mtu mzima asiye na kosa kubeba bastola iliyofichwa bila kibali chochote. Katika mazingira hayo, mtu mwenye bunduki tano na chuki moyoni hana tofauti kisheria na jirani yake mwenye bunduki tano za kuwindia paa. Polisi anayemtazama anaona uhalali mtupu mpaka risasi ya kwanza itoke.

Sheria ya shirikisho ina orodha ya watu wasioruhusiwa kumiliki silaha: waliohukumiwa kwa makosa makubwa, waliowekewa amri ya mahakama kwa ukatili wa nyumbani, watumiaji wa dawa za kulevya, waliolazwa hospitali ya akili kwa amri, na wengine wachache. Itikadi haimo, na ni sawa isiwemo. Ila hata mtu aliye kwenye orodha ya serikali ya washukiwa wa ugaidi hazuiwi kwa sababu hiyo peke yake. Mtu aliyeua watu 49 kwenye klabu ya usiku huko Orlando mwaka 2016 alikuwa amechunguzwa na FBI mara mbili, uchunguzi ukafungwa, akanunua silaha zake dukani.

Ukaguzi wenyewe una tundu la muda. Muuza duka anauliza mfumo wa FBI, na kwa kawaida jibu linapatikana ndani ya dakika chache. Likichelewa, anasubiri siku tatu za kazi. Zikipita bila jibu, sheria ya shirikisho inamruhusu kuuza. Kijana aliyeua waumini 9 katika kanisa la Emanuel AME, Charleston, Juni 17, 2015, alipata bastola yake hivyo. Alikuwa na kumbukumbu ya kukamatwa na dawa za kulevya ambayo ingemzuia, lakini mkaguzi aliulizia ofisi isiyo sahihi, siku tatu zikaisha, na duka likauza. Sheria ya Juni 2022 iliongeza muda hadi siku 10 za kazi kwa wanunuzi wa chini ya miaka 21, pale ukaguzi wa awali unapoonyesha jambo la kufuatilia. Kwa wengine, siku tatu zimebaki.

Upande wa maneno, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1969, katika kesi ya Brandenburg dhidi ya Ohio, kwamba serikali haiwezi kumwadhibu mtu kwa kuhubiri vurugu, isipokuwa maneno yake yamelenga kuchochea uvunjaji wa sheria wa papo hapo na yana uwezekano wa kuuleta. Brandenburg alikuwa kiongozi wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi. Na ingawa sheria ya shirikisho inaeleza ugaidi wa ndani ni nini, hakuna kosa la jinai linaloitwa kwa jina hilo ambalo mtu anaweza kushtakiwa nalo peke yake. Ofisa wa kituo kidogo, mbele ya mtu anayesifu wauaji mtandaoni na kujinunulia magazini za risasi, anahisi hana pa kushika. Mwaka 2019 mama mmoja wa Allen, Texas, alipiga simu polisi kuuliza kuhusu bunduki ya aina ya AK ya mwanawe wa miaka 21. Akajibiwa kwamba kwa maelezo yake kijana anaruhusiwa kisheria. Wiki chache baadaye kijana huyo aliendesha gari usiku kucha hadi El Paso, akaua watu 23 dukani, akiwa ameandika kwamba anapinga "uvamizi" wa Walatino. Jibu la polisi lilikuwa sahihi kisheria. Texas haikuwa na sheria ya bendera nyekundu. Mwaka 2025 ilikwenda mbali zaidi: ikapitisha sheria inayokataza amri za namna hiyo jimboni.

Halafu kuna masherifu. Hawa ni wakuu wa polisi wa kaunti. Marekani ina masherifu wapatao 3,000, na karibu wote wanachaguliwa kwa kura. Sherifu wa kaunti ya vijijini anategemea kura za watu ambao kwao bunduki ni urithi, ni riziki ya uwindaji na ni ishara ya uhuru. Akipeleka ombi la kumnyang'anya silaha mpiga kura, uchaguzi ujao atalisikia. Wengine wameenda hatua zaidi na kujiona wao ndio waamuzi wa mwisho wa Katiba. Richard Mack, sherifu wa Arizona aliyekuwa mmoja wa walioshtaki kupinga ukaguzi wa wanunuzi wa bunduki chini ya Sheria ya Brady na kushinda katika Mahakama ya Juu mwaka 1997, alianzisha mwaka 2011 chama cha masherifu wa kikatiba kinachofundisha kwamba sherifu anaweza kukataa sheria anayoona inakiuka Katiba. Colorado ilipopitisha sheria ya bendera nyekundu mwaka 2019, sherifu wa Weld, Steve Reams, alisema yuko tayari kwenda jela kuliko kuitekeleza. Makamishna wa kaunti ya El Paso, Colorado (si ule mji wa Texas) walipitisha azimio la kuipinga.

Katika kaunti hiyo, Juni 2021, mtu mmoja alikamatwa baada ya kutishia kulipua bomu na kutamba mbele ya babu na bibi yake kwamba atakuwa muuaji mkubwa anayefuata. Kesi ya jinai ilipofunguliwa, amri ya kawaida ya mahakama ilimzuia kuwa na silaha wakati kesi ikiendelea. Ofisi ya sherifu ikaona inatosha, haikuomba amri ya bendera nyekundu. Mashahidi wa familia hawakufika, kesi ikafutwa Julai 2022, kumbukumbu zikafungwa, na katazo likafa pamoja na kesi. Hapo ndipo palipohitajika mtu wa kujaza fomu, siku ileile. Novemba 19, 2022, kuelekea usiku wa manane, mtu huyo aliingia Club Q, klabu ya wapenzi wa jinsia moja mjini Colorado Springs, akaua watu 5. Amri ya jinai hudumu kwa uhai wa kesi. Amri ya bendera nyekundu inasimama kwa miguu yake. Ofisi yoyote inayotegemea ya kwanza bila kuandaa ya pili inakesha mlango wa mbele na kuacha wa nyuma wazi.

Wanaodhani hili ni suala la chama wamtazame Grady Judd, sherifu wa Polk, Florida, Mrepublikani asiye na huruma na mtu. Florida ilitunga sheria yake Machi 2018 baada ya mauaji ya shule ya Parkland, na Polk imekuwa miongoni mwa kaunti zinazoitumia kwa wingi. Pale kujaza ombi ni kazi ya kila siku ya maofisa waliofunzwa, si bahati ya doria.

Mzizi mwingine ni woga, nao hausemwi hadharani. Maofisa wa shirikisho walipowazingira watu wenye silaha huko Ruby Ridge mwaka 1992 na Waco mwaka 1993, mambo yaliishia kwa vifo, pamoja na vya watoto, na Aprili 19, 1995, kumbukumbu ya miaka miwili ya Waco, bomu la Oklahoma City liliua watu 168. Tangu hapo vyombo vya shirikisho vimejifunza kusubiri. Subira hiyo ina hekima yake, lakini ilionekana na watu wa upande wa pili pia. Aprili 2014, huko Bunkerville, Nevada, maofisa walikuja kukamata ng'ombe wa Cliven Bundy, aliyekuwa akidaiwa zaidi ya dola milioni moja za malisho ya ardhi ya serikali. Mamia ya watu wakajitokeza, wengine wakiwa wamelala juu ya daraja na bunduki zimewaelekea maofisa. Serikali ikawaachia ng'ombe na kuondoka. Juni mwaka huohuo, mume na mke waliokuwa wamefika kwenye makabiliano yale ya Bunkerville waliwaua polisi wawili waliokuwa wakila chakula cha mchana Las Vegas, na raia mmoja. Januari 2016 wana wa Bundy na wenzao wenye silaha waliteka hifadhi ya Malheur, Oregon. Uvamizi ulidumu siku 41. Ofisa anayerudi nyuma mbele ya mtutu ananunua siku ile tu, na bei yake analipa ofisa mwingine.

Mji wa Charlottesville, Virginia, Agosti 12, 2017, siku ya mkutano wa wazungu wabaguzi, uliliona jambo hilo katika hali mbaya zaidi. Ripoti ya wakili Timothy Heaphy, iliyoagizwa na mji wenyewe, inaeleza kilichoharibika kipande kwa kipande. Polisi wa mji na wa jimbo hawakuwa kwenye mawimbi mamoja ya redio. Maofisa waliwekwa nyuma ya vizuizi, mavazi yao ya kukabili ghasia yakawa mahali pengine, hivyo mapigano yalipoanza ilibidi kwanza waende kuyavaa. Kwenye makutano ya barabara moja alikuwepo ofisa mmoja tu, ambaye kazi yake ya kawaida ilikuwa shuleni. Alipoomba msaada aliondolewa kwa usalama wake, kikabaki kizuizi cha mbao. Kupitia hapo gari lilipita na kuwagonga waandamanaji waliowapinga wabaguzi, likamuua Heather Heyer. Kabla ya hapo, kiongozi mmoja wa Klan alikuwa amefyatua bastola kumwelekea mtu barabarani, na polisi waliokuwa karibu hawakusogea.

Ulinganisho unaouma upo Michigan. Aprili 30, 2020 watu wenye bunduki ndefu waliingia jengo la bunge la jimbo mjini Lansing, wakasimama juu ya ukumbi ambamo wabunge walikuwa kazini, baadhi ya wabunge wakivaa fulana za kuzuia risasi. Hawakuvunja sheria, kubeba silaha hadharani humo kulikatazwa Januari 2021, baada ya uvamizi wa bunge la taifa mjini Washington. Aprili 4, 2022, Grand Rapids, mwendo wa saa moja hivi kutoka Lansing, ofisa wa polisi alisimamisha gari la Patrick Lyoya, mkimbizi wa Kikongo wa miaka 26, kwa sababu namba za gari hazikulingana na gari. Zikafuata purukushani, wakagombania kifaa cha umeme cha ofisa, na Lyoya akapigwa risasi ya kisogoni akiwa amelala kifudifudi. Hakuwa na bunduki. Baba yake alizungumza na wanahabari kwa Kiswahili, akitafsiriwa. Mei 2025, katika kesi ya ofisa huyo, baraza la wazee wa mahakama lilishindwa kukubaliana, na mwendesha mashtaka akaamua kutorudia kesi. Sisemi matukio haya mawili ni ya aina moja. Nasema polisi katika jimbo hilohilo walijua kuvumilia vitisho vya watu wenye silaha kwa saa nyingi, na uvumilivu huo haukumfikia Lyoya kwa dakika chache.

Historia yenyewe inaonyesha nani huvumiliwa. Mei 2, 1967 wanachama wa Black Panther, chama cha Weusi cha kujilinda, waliingia bunge la California wakiwa na silaha, kihalali kabisa. Haikufika miezi mitatu, Gavana Ronald Reagan akatia saini sheria ya kukataza kubeba silaha zenye risasi hadharani, na chama cha bunduki cha NRA kikaiunga mkono.

Wanaosema sheria za bunduki hazibadilishi kitu waangalie Januari 6, 2021, siku wafuasi wa Trump walipovamia bunge la taifa. Washington DC ina masharti makali ya kubeba silaha. Kwa hiyo Oath Keepers, kundi la mgambo lililoshiriki, waliziacha bunduki zao hotelini Arlington, ng'ambo ya mto Potomac, jimbo la Virginia, na kikosi cha kuzileta wakiitwa. Hawakuitwa. Maofisa wapatao 140 walijeruhiwa siku ile, wengi kwa ngumi, milingoti ya bendera na dawa za kupuliza. Fikiria umati uleule katika mji ambapo kila mmoja angeruhusiwa kuja na AR-15 begani. Hata hivyo uzembe haukukosekana: ripoti ya Seneti ya Juni 2021 ilikuta kwamba FBI na Wizara ya Usalama wa Ndani hazikutoa tathmini rasmi ya tishio, ingawa mipango ilikuwa ikijadiliwa mtandaoni waziwazi. Na aliyekuwa luteni wa polisi wa Washington, Shane Lamond, alitiwa hatiani Desemba 2024 kwa kuficha ukweli kuhusu mawasiliano yake na kiongozi wa Proud Boys, kundi jingine la itikadi kali lililoshiriki; Lamond ndiye aliyekuwa akimpasha kiongozi huyo habari za uchunguzi.

Majimbo yote 50 yana sheria za kukataza majeshi binafsi ya mgambo, za namna moja au nyingine, na Mahakama ya Juu ilizikubali tangu 1886 katika kesi ya Presser dhidi ya Illinois. Ni nadra kumsikia mwendesha mashtaka akizitumia.

Wengine hudai dawa ni kosa jipya la ugaidi wa ndani. Siliungi mkono. FBI ileile iliyopewa nguvu pana iliwaandama viongozi wa haki za Weusi chini ya COINTELPRO, mpango wa siri uliodumu kuanzia 1956 hadi 1971, na mwaka 2017 ikaandika tathmini kuhusu "wenye itikadi kali za utambulisho wa Weusi". Nguvu pana huishia kwa wasio na mtetezi. Vyombo vilivyopo, vikitumiwa, vinafanya kazi. Mwaka 2016 FBI, kupitia mtoa habari ndani ya kundi la mgambo la Kansas, ilizuia shambulio la bomu dhidi ya nyumba za wahamiaji Wasomali Garden City. Watu watatu walifungwa miaka 25 hadi 30. Mwaka 2019 polisi wa Seattle walitumia amri ya bendera nyekundu kuchukua silaha za kiongozi wa kundi la Kinazi la Atomwaffen kabla hajashtakiwa kwa lolote. Na mwaka 2024 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Rahimi, ilikubali kwa majaji 8 dhidi ya 1 kwamba mtu ambaye mahakama imemwona ni tishio kwa usalama wa mwingine anaweza kunyimwa silaha kwa muda. Hofu ya kwamba jaji atazifuta amri zote hizi imepungua nguvu.

Kwa familia zetu zilizo huko, na ni nyingi kuanzia Minnesota hadi Maine, yafaa kujua hili kabla ya siku mbaya. Kama mtu ametishia msikiti, kanisa au jengo mnaloishi, msifute ujumbe wala kuujibu. Pigeni picha inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na saa. Polisi akifika, mwombeni waziwazi amri ya kuzuia silaha, na mchukue namba ya ripoti na jina la ofisa, kwa maana tishio lisilo na namba halitaonekana na ofisa wa zamu inayofuata. Akisema mtu huyo hana bunduki, mwambieni amri inazuia pia kununua. Akikataa, angalieni jimbo lenu linamruhusu nani kuomba: California inawaruhusu ndugu, wanaoishi naye, mwajiri, wafanyakazi wenzake na walimu, New York inawaruhusu familia na mkuu wa shule, Florida ni polisi peke yao, na hapo inabidi kurudi kituoni na kumtaka msimamizi. Jirani asiye na undugu na mtishaji mara nyingi hana haki ya kuomba mwenyewe, ila mwalimu wake au mwajiri wake anaweza kuwa nayo. Fomu inatolewa na karani wa mahakama ya kaunti, na katika majimbo mengi haina malipo.